Sura ya Saba: Karo ya Januari, Mbuzi wa Juni

Barua ya kuitwa chuoni huwa na kurasa kadhaa, na unaosomwa kwanza nyumbani ni ule wa mwisho. Ukurasa wa kwanza una pongezi, jina la kozi na siku ya kuripoti. Wa mwisho una pesa: karo ya muhula, ada ya usajili, kitambulisho cha mwanafunzi, pesa za tahadhari, bima ya ajali, ada ya mtihani. Chini yake huja vifaa. Anayekwenda kusomea useremala aje na randa, patasi, msumeno, nyundo na futi ya kupimia. Wa umeme aje na koleo na bisibisi ya kupimia umeme. Wote waje na ovaroli, viatu vya kazi vyenye chuma mbele, godoro, blanketi na ndoo. Kisha kuna mstari, mara nyingi kwa herufi kubwa, unaosema kwamba chuo hakipokei pesa taslimu.

Mzazi wa Nairobi au Kisumu ataipitia mistari hiyo akiwa amekaa kitini na simu mkononi. Kwa mzazi wa Kaaleng, kila mstari ni safari. Kaaleng iko Turkana Kaskazini, katika wadi moja na Kaikor, ukishaipita Lokitaung kuelekea pembe ambako Kenya inapakana na Sudan Kusini na Ethiopia. Njia ni ya mchanga na changarawe, na laga, yaani mito ya msimu, zikijaa maji lori husubiri ng'ambo hadi yapungue. Benki iko Lodwar au Kakuma. Duka la viatu vya kazi liko huko huko. Cheti cha kidato cha nne kiko shuleni, na mara nyingi kimezuiliwa kwa sababu ya salio la karo, ingawa sheria ya mwaka 2012 ya Baraza la Mitihani la Kenya hairuhusu shule kukishikilia. Kitambulisho cha taifa kinaanzia kwa chifu na kumalizikia kwa msajili, baada ya wiki au miezi. Bila kitambulisho hakuna mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu. Bila cheti, mezani pa usajili unaambiwa ukitafute kwanza.

Niseme mapema ninachokiamini kuhusu jambo hili. Karo ya vyuo vya umma vya ufundi nchini Kenya imeshushwa mno kuliko wazazi wengi wanavyodhani, na serikali imebeba sehemu yake kubwa. Kinachomfungia nje mtoto wa mfugaji ni tarehe. Chuo kinadai pesa katika miezi ambayo mfugaji hana, na pesa anazopata miezi mingine zinakuta dirisha limefungwa. Jambo hili linaweza kurekebishwa bila kuongeza hata shilingi moja kwenye bajeti, ndiyo maana linaniuma.

Tuanze na hesabu, maana uvumi kuhusu karo umewarudisha wengi nyumbani kabla hata hawajaomba nafasi. Mwaka 2018 serikali ya kitaifa iliweka karo moja kwa vyuo vyake vyote vya ufundi: shilingi 56,420 kwa mwaka. Kati ya hizo, yenyewe ililipa 30,000 kwa kila mwanafunzi, moja kwa moja kwa chuo. Zikabaki 26,420 za mzazi, na HELB ikawa inatoa mkopo unaozidi kiasi hicho. Tangu 2023, chini ya mfumo mpya wa ufadhili, karo inahesabiwa kuwa 67,189 kwa mwaka, na mwanafunzi anapewa ufadhili na mkopo kulingana na hali ya familia yake kama alivyoieleza kwenye fomu. Familia ya wafugaji waliopoteza mifugo inapaswa kuwa miongoni mwa zinazosaidiwa zaidi. Lakini msaada huo hauji wenyewe. Lazima uombwe kwa intaneti, kwa jina linalofanana herufi kwa herufi kwenye cheti na kwenye kitambulisho, na huku Turkana majina hayo mawili hayafanani mara nyingi sana.

Daraja la chini ya vyuo hivyo vya kitaifa ni vyuo vya ufundi vya kaunti, vile ambavyo watu bado wanaviita poli. Hivi ni vya kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010, ambayo kwenye Jedwali la Nne ilikabidhi kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Chuo cha ufundi cha Lodwar ni kimojawapo. Serikali kuu ilianza mwaka wa fedha wa 2017/2018 kutuma kwa kaunti ruzuku ya shilingi 15,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa vyuo hivi. Huku hakuna anayeulizwa alama kubwa. Aliyeishia darasa la nane anapokelewa, na aliyepata E kwenye mtihani wa kidato cha nne anapokelewa bila kutazamwa vibaya. Akimaliza anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani: gredi ya tatu, kisha ya pili, kisha ya kwanza, na cheti hicho kinakubalika popote Kenya. Kwa aliyepata D kuna kozi za krafti katika vyuo vya kitaifa. Kwa C ya chini kuna diploma. Lodwar yenyewe ina tawi la chuo cha mafunzo ya utabibu, KMTC, na ina Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana, kilichoanzishwa 2017 chini ya Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, nacho pia kinafundisha diploma na vyeti.

Kwa hiyo ngazi ipo, tangu darasa la nane hadi digrii, ndani ya kaunti. Kizazi kilichotangulia hakikuwa na kitu kama hiki, na si kwa bahati mbaya. Wakoloni waliifunga Turkana isiingilike bila kibali. Mahali palipofaa kumfungia Jomo Kenyatta na wenzake, Lokitaung na baadaye Lodwar, palichaguliwa kwa sababu hapakufikika. Uhuru ulipokuja, Waraka wa Kikao Nambari 10 wa 1965 ulielekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yenye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme, ambako zingezaa haraka. Mwaka uliofuata, 1966, Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa ripoti iliyouliza vijana wanaomaliza shule wataenda wapi, na kutoka humo zikazaliwa politekniki za vijiji. Wazo lilikuwa zuri: karakana ndogo, karo ndogo, kazi za hapo hapo kijijini. Lakini lilikua palipokuwa na kijiji, maana yake palipokuwa na watu waliokaa mahali pamoja, shule ya msingi jirani na harambee ya kununua mabati. Mji wa mfugaji uliohama kufuata malisho haukuingia kwenye picha hiyo.

Nimeirejea historia hii kwa sababu bado inaonekana kwenye kalenda ya chuo. Vyuo vya umma vinapokea wanafunzi Januari, Mei na Septemba. Mwezi unaomwumiza mfugaji zaidi ni Januari. Kwa mwalimu mwenye mshahara, au mkulima wa Trans Nzoia aliyevuna mahindi mwishoni mwa mwaka, Januari ni mwezi mgumu lakini unapitika. Kwa Mturkana, Januari iko katikati ya akamu, kiangazi. Mvua fupi za Oktoba na Novemba, kama zilinyesha, zimekwisha. Malisho ya karibu yameisha na vijana wako mbali na mifugo. Mbuzi wamekonda. Mnunuzi anamshika mbuzi mgongoni, anaminya nyama juu ya mbavu, anakunja uso, na bei inashuka. Wakati huo huo mahindi dukani yamepanda, kwa kuwa maziwa yamekatika na kila nyumba inanunua unga.

Kisha huja akiporo, mvua ya masika, kuanzia Machi au Aprili. Ikija vizuri, kufikia Juni na Julai wanyama wameshiba, kuna maziwa, na mbuzi yule yule wa Januari sasa anagombewa sokoni.

Fanya hesabu mwenyewe. Chukua zile 26,420 za mwaka. Mbuzi akiuzwa 5,000, mzazi anauza sita na kubaki na nauli. Akiuzwa 2,500, anahitaji kumi na mmoja. Karo ni ile ile, mtoto ni yule yule, tofauti ni mwezi. Mwenye mbuzi thelathini akitoa sita amepunguza kundi. Akitoa kumi na mmoja, tena majike, amelivunja. Hakuna mzazi mwenye akili atakayekubali biashara hiyo. Tukisema amekataa kusomesha kwa sababu hathamini elimu, tumemkosea. Amefanya hesabu ambayo ofisi ya fedha ya chuo haijawahi kuifanya.

Ukame unafanya mambo kuwa mabaya kuliko hesabu hiyo inavyoonyesha. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo kaskazini mwa Kenya. Mifugo ilikufa kwa mamilioni katika kaunti kame. Kijana aliyekuwa mwaka wa pili wa useremala wakati huo hakuwa na mbuzi wa bei ya chini wa kuuza. Hakuwa na mbuzi kabisa. Walimu wa vyuo wanaijua sura ya mambo hayo: mwanafunzi anaomba ruhusa kwenda nyumbani kuleta karo, anaacha sanduku lake bwenini, na muhula unaisha likiwa pale pale.

Msaada nao una kalenda yake, na haikutani na ya chuo wala ya mvua. Mwaka wa fedha wa kaunti unaanza Julai 1, lakini basari hutegemea fedha kutoka Nairobi, na fedha kutoka Nairobi huchelewa. Basari ya eneo bunge inapita kwenye kamati yake. Mkopo wa HELB unatolewa mwanafunzi akiwa tayari ameripoti chuoni, kwa hiyo haumsaidii kuripoti. Hundi ya basari, mara nyingi, inaandikwa kwa jina la chuo, nayo haiwezi kulipa nauli ya lori, wala chakula cha wiki mbili za mwanzo, wala godoro. Pengo lote liko mwanzoni: kati ya kutoka Kaaleng na jina kuandikwa kwenye daftari Lodwar. Mimi ningechukua hata sehemu ya kumi ya basari nikaitoa kama pesa ya kufika, mkononi mwa mwanafunzi, kabla ya kulipa karo yoyote.

Kuna gharama nyingine isiyo na risiti. Kijana wa miaka kumi na minane ni mchungaji kamili. Akiondoka, ama mdogo wake anatolewa shule achukue nafasi yake, ama kundi linakaa karibu na mji na kula malisho duni. Msichana ana mzigo wake: maji, kuni, watoto wadogo, na mara nyingi ameshakuwa mama.

Kwa hili la akina mama vijana Watanzania wametutangulia, na inafaa tuwatazame. Mwaka 1975 serikali ya Mwalimu Nyerere ilianza kufungua Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kwa kuiga vyuo vya wananchi vya Sweden, na vikafika zaidi ya hamsini, vingi wilayani mbali na miji mikubwa. Mtu mzima aliingia bila kuulizwa cheti, akajifunza ushonaji, ufugaji, uashi au kusoma na kuandika. Vilidhoofika kwa miaka mingi. Vilipofufuliwa, mpango unaoitwa Elimu Haina Mwisho uliwarudisha wasichana walioacha shule, wengi wao wakiwa wamezaa, na vyuo vikaweka mahali pa kulea watoto mama akiwa darasani au karakanani. Chumba kimoja, mikeka, mlezi, uji. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na jengo la utawala, na huwezi kusema chuo chako kimewafungulia wasichana mlango ikiwa mwenye mtoto mgongoni anaambiwa atafute pa kumwacha. Katiba yetu iliweka malezi ya watoto wadogo na politekniki za vijiji kwenye mstari mmoja wa majukumu ya kaunti. Wizara ile ile ya kaunti inaweza kuviweka kwenye ua mmoja.

Kuhusu kozi, nina shaka na orodha tulizo nazo. Ushonaji, ususi, useremala, uashi, umeme, umakanika, uchomeleaji vyuma, upishi, kompyuta: nyingi zimetoka kwenye orodha ile ile ya miaka ya sabini, na mahali pengine ziko sawa. Uchomeleaji una kazi Lodwar kila siku, kwa milango, madirisha na fremu za maduka tangu mji ulipokuwa makao makuu ya kaunti mwaka 2013. Useremala unaweza kupata malighafi iliyotulemea, yaani mathenge, ule mti uliovamia kingo za mto Turkwel na makazi ya watu. Mbao zake ni fupi na zimepinda, lakini ni ngumu na nzuri, na fundi aliyefundishwa kuziunga anatoa kiti kisichohitaji mbao za kusafirishwa kutoka Kitale.

Ila angalia kinachokosekana. Turkana inaishi kwa mifugo, na vyuo vya serikali vinavyojulikana kwa cheti cha afya ya mifugo viko Kabete, Ndomba na Nyahururu. Mtoto aliyezaliwa akimjua mbuzi mgonjwa kwa kumtazama anavyosimama anasafiri hadi nyanda za baridi kufundishwa juu ya wanyama, au, kwa kuwa hawezi kusafiri, anasomea ususi. Maji ni vivyo hivyo. Mwaka 2013 UNESCO na serikali walitangaza maji mengi chini ya ardhi ya Lotikipi, huku huku Turkana, na dunia nzima ikashangilia. Vipimo vya baadaye vikaonyesha yana chumvi nyingi. Wakati huo huo visima vya kawaida, vyenye pampu za sola, vinasimama kwa sababu ya kifaa kidogo kilichoungua, na watu wanarudi kuchimba mchanga wa laga huku wakimngoja fundi kutoka mbali. Kozi ya miezi mitatu ya pampu na sola, kwa vijana wawili kutoka kila kituo cha maji, ingeonekana matunda yake kabla ya kiangazi kimoja kuisha. Hiyo ndiyo kozi ningeianzisha kwanza kabisa.

Kakuma imeonyesha kwamba mafunzo mafupi yanawezekana huku huku. Kambi ilifunguliwa 1992 kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya Sudan, na mapema miaka hiyo ya tisini Wasalesiani wa Don Bosco walifika na kuanza kufundisha ufundi: uashi, uchomeleaji, bomba, umakanika, ushonaji. Baraza la Wakimbizi la Norway nalo likaja na mafunzo ya vijana. Mkimbizi kutoka Sudan Kusini, Kongo au Somalia na Mturkana wa kijiji cha jirani wamekaa benchi moja, wakatumia mashine moja, bila kulipa karo. Makazi ya Kalobeyei yalipofunguliwa 2016 yalijengwa kwa fikra hiyo ya wenyeji na wageni kutumia huduma pamoja. Ni jambo zuri lenye mguu mmoja, kwa kuwa linasimama juu ya pesa za wafadhili. Mwaka 2025 misaada ya Marekani ilipokatwa, mgao wa chakula kambini ulipungua, na kila mpango uliotegemea mfuko huo ukatikisika. Vyuo vya umma ndivyo vinavyopaswa kuwapokea vijana hao, wakiwemo wakimbizi, ambao Sheria ya Wakimbizi ya 2021 iliwapa nafasi pana zaidi ya kufanya kazi lakini ambao mkopo wa HELB hauwahusu na ambao hawawezi kwenda Lodwar bila kibali cha kutoka kambini.

Nchi nyingine zimejifunza kwamba chuo cha jamii kinajengwa kwa kumfuata mwanafunzi. Marekani, ambako chuo cha kwanza cha umma cha aina hii kilianzishwa Joliet, Illinois, mwaka 1901, watu wazima wenye kazi wanasoma jioni, wanachukua somo moja moja, wanalipia lile wanalolichukua. Kule ratiba inafuata saa za kiwanda na ofisi. Hakuna sababu yetu isifuate mvua.

Na mlango umeanza kufunguka. Kuanzia 2025 vyuo vya ufundi vya Kenya vinahamia kwenye mafunzo ya moduli: kozi inakatwa vipande, kila kipande kinapimwa na kupewa cheti chake, na mwanafunzi anaweza kusimama na kurudi bila kuanza upya. Waliobuni mfumo huu walikuwa wakifikiria waajiri. Lakini kwa Kaaleng maana yake ni kubwa kuliko walivyokusudia: kijana anaweza kusoma Septemba hadi Novemba, akarudi kuchunga akamu nzima wakati mikono inahitajika zaidi, akalipa kipande kinachofuata kwa mbuzi wa Juni, akaendelea. Hilo litatokea tu ikiwa bodi za vyuo zitaachana na karo ya Januari na kukubali malipo kwa kila moduli, na ikiwa Septemba itafanywa mwezi mkubwa wa kupokea wanafunzi Turkana.

Usajili wa Septemba unapaswa kufanyika Juni, kule waliko watu. Kaunti ina magari, chuo kina maofisa, msajili wa vitambulisho ana mashine yake, na HELB ina watu wa kuelekeza fomu. Wote wapande gari moja, waende Kaaleng, Kaikor, Lokitaung na Kibish, siku ya soko la mifugo, mzazi akiwa ameshauza na pesa ziko mkononi. Apewe risiti pale pale, na jina la mtoto kwenye kitambulisho liandikwe sawasawa na lile la kwenye cheti kabla gari halijaondoka.